Ndoo Tupu

Ndugu zake walimwita Pua tangu utotoni, na hakuwahi kulikataa jina hilo kwa sababu lilikuwa la haki. Maziwa yakianza kuchacha kwa jirani, yeye alikuwa wa kwanza kujua. Mgeni akivua viatu mlangoni, yeye alihamia dirishani. Mtu wa namna hiyo ungemtafutia kazi ya kuuza maua, lakini watu hawali maua, na Pua akaishia kuwa dobi wa hospitali, mahali ambapo mashuka huja na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kukitoa. Alishafua damu, usaha, matapishi na mengine ambayo hayatajwi mbele ya chakula. Alikunja uso, akafua, akarudi nyumbani akala akashiba. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na za wagonjwa anazijua dobi, wala hazikumnyima usingizi.

Mfuko mmoja tu ndio uliomshinda. Ulikuwa wa kijani, nao ulitoka wodi ya nyuma, walikolazwa wagonjwa wa akili. Haukuwa mchafu kuliko mingine. Mara nyingi ulikuwa afadhali, mashuka ya jasho na machozi basi. Lakini Pua na mwenzake wa zamu walikuwa na fimbo yenye kulabu, iliyotundikwa ukutani kwa ajili ya mfuko huo peke yake, na shuka moja moja lilinyanyuliwa kwa fimbo hadi kwenye mashine, kana kwamba wazimu ni upele unaorukia watu. Hakuna mkubwa aliyewaagiza. Walianza kwa utani, utani ukawa desturi, na dobi mpya alipoajiriwa alionyeshwa fimbo kabla ya kuonyeshwa sabuni.

Siku wifi yake alipompigia simu, alilia kuhusu harufu. Huyu alikuwa mke wa mdogo wake Pua, mfugaji wa nguruwe. Habari ya nguruwe Pua alikuwa nayo: homa iliingia kwenye mabanda ya upande ule, ikatoka amri, wakauawa wote, wazima kwa wagonjwa. Alishatuma pole zake zamani. Sasa akauliza harufu gani tena, na nguruwe hawapo. Wifi akasema ndiyo ajabu yenyewe. Zamani nyumba ilinuka nguruwe, wakazoea. Sasa inanuka kitu kingine, watoto wamepelekwa kwa bibi yao, na wakubwa wa mtaa wametuma neno kwamba wanakuja. Pua akaomba ruhusa kazini, akafunga mkoba.

Harufu ilimpokea kabla ya mwenyeji wake. Alishuka kwenye basi, akakata kona moja, na ilikuwa hapo ikimsubiri. Pua alizijua harufu za nguruwe, kali, za kinyesi na pumba, lakini ni za kitu kilicho hai. Hii ilikuwa tamutamu na nzito, wali uliochacha na mchuzi uliokufa, na chini yake kulikuwa na kitu ambacho hakutaka kukitambua. Ilimkaa kwenye meno. Alipofika mlangoni alikuwa anapumua kwa mdomo, na hapo akagundua kwamba inaonjeka pia.

Wifi alikuwa amefunga madirisha yote na kuziba chini ya milango kwa matambara. Waliketi chumbani, joto limewaelemea, na wifi akaeleza mambo kwa sauti ya mtu anayeomba asihukumiwe.

Mfugaji wa nguruwe wa mjini halimi malisho. Anaokota. Kila asubuhi mdogo wake Pua alizunguka na mkokoteni kwenye kantini, hoteli na shule ya bweni, akakusanya makombo kwenye ndoo zake. Jikoni hizo hugombaniwa kuliko viwanja. Wapishi hawataki mabaki yalale, na ukikosa kutokea leo na kesho, keshokutwa unakuta ndoo za mwingine zimepangwa mahali pako, na asiyekuwepo na lake halipo. Yeye alisota miaka kuzipata. Kwa hiyo nguruwe walipouawa na yeye akaendelea kwenda, mke wake hakushtuka. Mume alimwambia analinda nafasi zake mpaka ruhusa ya kufuga itakaporudi, na maneno hayo yalikuwa na akili. Wafugaji wenzake walimsifu. Mtu anayeamka mapema, akaoga, akaenda kazini, nani atasema anaumwa? Mgonjwa ni yule anayelala.

"Na makombo anayapeleka wapi?" Pua akauliza.

Wifi akaitazama sakafu. "Anawalisha," akasema.

Pua hakupata muda wa kuuliza anawalisha kina nani, kwa sababu mkokoteni ulisikika ukiingia uani. Alitoka. Mdogo wake alikuwa amekonda, kola ya shati imekuwa pana kuliko shingo, lakini alikuwa nadhifu mno, shati limechomekwa, mabuti ya mpira yameoshwa mpaka yanang'aa. Akamwamkia dada yake kwa heshima zote. Akamtania kwamba kumbe Pua bado inafanya kazi, imenusa kutoka mji wa pili. Akasema angoje kidogo awape kwanza, kisha watazungumza. Alisema hivyo kwa wepesi kabisa, na wepesi ule ndio uliomtia Pua baridi.

Alishika ndoo, akachukua upawa, akagonga. Ngo, ngo, ngo, ngo, haraka haraka. Pua aliukumbuka mlio huo. Zamani ukilia tu, nguruwe walikuja mbio wakisukumana kwa mabega na kupiga kelele za furaha, na mdogo wake alikuwa akijisifu kwamba hakuna mchungaji wa roho anayeitikiwa namna ile. Sasa alipogonga, nzi peke yao ndio waliojisogeza. Akamimina ndoo kwenye hori, akakung'uta kitako chake, akarudi kuchukua nyingine.

Pua akaenda kutazama, na mpaka leo anatamani asingekwenda. Mahori yalikuwa yamejaa zamani na kufurika. Makombo ya leo yalimwagwa juu ya ya jana, ya jana juu ya ya juzi, na huko chini hapakuwa na chakula tena, palikuwa na uji wa kijivu wenye mifupa ya kuku na vipande vya mkate vilivyoota manyoya. Uji ulikuwa unatembea. Alidhani ni macho yake, akainama, akaona funza, wanono, wamebanana, wanapandana. Nzi waliokaa juu hawakuruka alipopunga mkono. Walikuwa wameshiba. Dobi aliyefua usaha maisha yake yote akashika nguzo ya banda, akatapika mpaka nyongo, na kila alipovuta pumzi ili apumzike ile harufu ilimwingia na kumwanzishia upya. Mdogo wake akamletea maji ya kunawa. Akamwomba radhi kwa upole, kama mtu ambaye mbwa wake amemrukia mgeni.

Mezani mdogo wake hakula. Alichezea kijiko, akaenda kunawa mikono, akarudi, akaenda tena kunawa, na mke wake akasogeza sahani huku na huku ili ionekane kuna mtu anayekula. Pua aliwatazama wote wawili na kichefuchefu kikampanda upya, safari hii si cha banda. Alipombana wifi jikoni, wifi akamsihi asiseme neno nje. Watu wataongea. Watoto watachekwa. Ni huzuni tu, itapita, ni mtu mwenye bidii. Pua akamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na wifi akawasha moto chini ya sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Wakubwa wa mtaa walifika kabla jua halijazama. Hakuna aliyeingia ndani ya uzio. Walisimama njiani wamejipanga, na mwenyekiti wao, mtu wa tumbo na sauti, alikuwa ameshika leso yenye manukato puani. Alitoa pole kupitia leso. Alisema mtaa mzima unamhurumia, kisha akasema mtaa mzima umechoka, na hiyo ya pili aliisema vizuri zaidi. Banda lisafishwe kabla ya mwisho wa juma, la sivyo wataleta watu walibomoe. Pua alimsikiliza akakumbuka mambo. Choo cha mwenyekiti huyu huyu kilipofurika, kikatiririka barabarani, mtaa uliruka ruka juu yake ukisema mvua mwaka huu ni nyingi. Na nyama ya nguruwe waliokuwa wakinuka aliijia mwenyewe, na kuchagua upande wenye mafuta. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Mmoja nyuma akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba amewaona wanaume wakifiwa na wake na kurudi kazini upesi kuliko huyu aliyefiwa na kitimoto. Wakacheka ndani ya leso zao. Pua alitamani kwenda kuchota ndoo moja ya ule uji akawamwagie viatuni, na laiti mguu ungemtii angekwenda. Mdogo wake hakukasirika. Aliitikia sawa kwa kila jambo, sawa mzee, mtapata hewa mzee, akawashukuru kwa kuja.

Walipoondoka akaanza kuosha ndoo zake. Nyuma ya banda kulikuwa na shimo walimozikwa nguruwe, kubwa, limefukiwa kwa chokaa na udongo isipokuwa upande wa mwisho, ambako palibaki wazi na koleo lilikuwa limechomekwa.

"Wasiwe na wasiwasi," akamwambia dada yake. "Shimo bado lina nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya mmoja," akasema, akaining'iniza ndoo kwenye msumari wake.

Pua alielewa. Ingekuwa rahisi kutoelewa, wifi alikuwa amejifunza kutoelewa na ameimudu kazi hiyo, lakini Pua alielewa neno kwa neno. Usiku huo alitandika mkeka mlangoni, akalala pale kama kizingiti. Alimwambia mdogo wake kwamba chumbani kuna joto.

Asubuhi, mkokoteni ukiwa bado haujatoka, alikuja mgeni. Alikuwa mfugaji mwenzake na mdogo wake, mtu wa makamo ambaye watu wote walimwita Kamasi, na alipotokea hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Yalimshuka pande zote mbili. Aliyafuta kwa nyuma ya mkono, kisha mkono huo huo akaunyoosha kusalimia. Mungu naye ana utani wake, kati ya watu wote ulimwenguni kuwakutanisha Pua na Kamasi. Pua aliushika mkono ule kwa ncha za vidole, akaufikiria mkono wake siku nzima.

Kamasi hakuzunguka mbuyu. Amekuja kuuliza zile jikoni, akasema. Kama mwenzake amechoka, yeye yuko tayari kuzichukua. Pua akamlipukia. Alimwita fisi. Alimwambia mtu hajafa na wewe umeshakuja kunusa mifupa, na akamwambia ajifute. Kamasi akajifuta. Hakujibu tusi. Alitazama kule bandani, ambako mdogo wake Pua alikuwa amesimama amewapa mgongo, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza.

"Amekusimulia habari ya ndoo?"

Hakuwa amesimulia. Kamasi akaketi kwenye ngazi, akaeleza, akivuta kamasi kila baada ya sentensi, na Pua akasahau kuudhika. Siku ya kuua, watu wa idara ya mifugo walikuja na bunduki na magunia ya chokaa, wakachimba shimo nyuma ya banda. Nguruwe wakagoma kutoka. Nguruwe si mjinga, alisikia mlio wa kwanza kwa jirani, akajua. Walijibana kwenye kona wakapiga mayowe, mmoja akamng'ata kijana wa idara. Jua linapanda, kazi iko nyingi mbele. Daktari wa mifugo akamgeukia mwenye mali, akamwomba awaite mwenyewe, maana sauti yake wanaijua. Akachukua ndoo akagonga. Wakatoka wote, mbio, hata wagonjwa walijikokota kwa magoti ya mbele. Wakajipanga ukingoni mwa shimo, wakamtazama, wakasubiri chakula.

Pua akauliza kwa ukali, kwa sababu ukali ndio uliokuwa karibu, kama na yeye Kamasi aligonga ndoo yake.

"Mimi nilikuwa mjanja," Kamasi akasema. "Nilimpa mke wangu agonge. Nikaingia chumbani nikaziba masikio."

Hakujifuta safari hii, yakashuka mpaka mdomoni. Alisema mke wake aliacha kula. Alikuna mikono mpaka ikatoka damu, akisema bado ina kutu ya ndoo. Watu walimwombea, wakamchanja chale, wakamwambia ajikaze. Mwishowe Kamasi alimbeba akampeleka hospitali kubwa, wodi ya nyuma, wakamlaza. Sasa yuko nyumbani. Anakwenda kliniki kila mwezi, anaongea na muuguzi, anameza vidonge vyake. "Analala," akasema. "Akiamka ananifokea. Nastahili. Akinifokea namshukuru Mungu."

Hospitali kubwa ilikuwa moja tu. Wodi ya nyuma ilikuwa moja tu. Pua akaviona vidole vyake vilivyomshika mzee huyu kwa kinyaa, na akayaona mashuka ya mke wa Kamasi, yenye madoa madogo ya damu ya kujikuna, yakining'inia kwenye kulabu, na mwenzake wa zamu akicheka, na yeye akicheka. Kinyaa chote alichokuja nacho tangu jana, cha funza, cha leso, cha mkono wa Kamasi, kikageuka kikamtazama yeye.

Alinyanyuka akaenda bandani. Alichukua ndoo, akaipindua, akaikalia karibu na hori. Alikuwa na kitambaa cha kuzibia pua na akakiacha mfukoni. Si kwamba alizoea. Machozi yalimtoka kwa ukali wa harufu, na koo likawa linacheza likitaka kutapika, akameza mate. Mdogo wake alikuwa ameketi juu ya ukuta mfupi, ameshika upawa.

"Nanuka, dada?"

"Unanuka."

"Mke wangu anasema sinuki."

"Mke wako anakuogopea."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitafuta siku nyingi. Pua akamuuliza moja kwa moja, kwa sauti ile ile ambayo angeuliza kama sufuria imeungua.

"Unataka kufa?"

Yeye alitazama upawa. "Sijui," akasema. "Nataka mlio uishe." Kisha likatoka lililomkaa moyoni. "Kamasi amekwambia niligonga. Hajui yote. Ndoo ilikuwa tupu, dada. Sikuweka kitu. Nilijua wanakufa, nikaona nitapoteza bure. Wamekimbia na homa zao, wamenitazama mimi, hawakutazama bunduki, walikuwa wanatazama ndoo iko upande gani. Na ndani hamna kitu. Hata ganda la ndizi."

Akaanza kulia kwa sauti mbaya, ya kukwaruza. Sasa Pua alijua mahori yale yalikuwa nini. Hakumwambia ni nguruwe tu. Hilo alishaambiwa na mtaa mzima. Hakumwambia ajikaze wala Mungu atampa wengine. Alimwambia lilikuwa jambo chafu, na waliomwomba alifanye walimtwisha uchafu wao wakaondoka na mikono safi. Alimwambia wale hawali tena, hata ajaze mpaka paa. Akamwambia wataondoka pamoja leo kwenda hospitali.

"Unakofanya kazi?"

"Wodi ya nyuma."

"Unajua huwa mnawaitaje wa kule," mdogo wake akasema. Kwa kweli ni Pua mwenyewe aliyewahi kumsimulia, sikukuu moja, watu wote mezani wakavunjika mbavu kwa ile habari ya fimbo na jina la waheshimiwa.

"Najua," Pua akasema. "Utakwenda hivyo hivyo. Mimi nitakuwa jengo la chini, nitakuja kila nikipumzika."

Mdogo wake akauliza jikoni zake zitakuwaje. Kamasi alikuwa amekwisha kusogea mlangoni mwa banda, na ni yeye peke yake, ukimwacha Pua, kati ya wote waliofika nyumba ile, ambaye hakuwa ameziba pua. Labda haikuwa na uwezo wa kunusa. Akasema atauchukua mkokoteni. Nafasi atazishika kwa jina la mwenyewe, na mwenyewe akirudi atazirudisha. Kama hawamwamini, waamini kwamba yeye sasa anafuga bata, na bata hawawezi kumaliza makombo yote yale.

"Usiwagongee," mdogo wake Pua akasema.

"Bata hawaitwi. Wanakuja wenyewe, wajinga wale."

Hawakutoka kabla ya kusafisha. Pua ndiye aliyelazimisha, na sababu hakuisema. Walifunga nguo vichwani, wakaingia kwa makoleo, Kamasi, Pua na mwenye banda. Koleo la kwanza lilipovunja utando wa juu, harufu iliyofungiwa huko chini ilitoka yote kwa pamoja, na Kamasi, hata yeye, alitoka nje akainama. Wifi alikuja mwisho, akilia, amebeba karai. Funza waliingia kwenye mabuti. Uji ule ulimwagikia Pua kifuani, ukapita ndani ya nguo, na alipoingiza mkono kuutoa ulimponyoka kati ya vidole ukiwa wa moto, una joto lake kama kitu kinachopumua. Alitapika mara kadhaa na kuendelea. Majirani walipanda juu ya kuta zao kutazama. Mwenyekiti alitoa leso puani kidogo tu ili ashauri kwamba ingefaa kuwa mbolea, akairudisha.

Vyote vilikwenda shimoni, upande ule uliobaki wazi. Karai kwa karai shimo likapanda, na mdogo wake alipoona linakaribia kujaa alipunguza mwendo. Pua hakupunguza. Ukafuata udongo, ikafuata chokaa, ukafuata udongo tena, na alipomaliza akapanda juu yake akaukanyaga kwa miguu yote miwili, mzima mzima, mwanamke wa umri wake, akirukaruka huku mtaa unachungulia. Hapakuwa na nafasi tena, si ya mtu, si ya panya. Ndipo akashuka, akaoga, akamshika mdogo wake mkono wakaenda.

Muuguzi wa wodi ya nyuma alimuuliza mdogo wake lile lile swali la Pua la bandani, bila kupepesa macho, na safari hii jibu lilikuwa refu. Wakamlaza. Pua alimwachia kandambili na taulo, akateremka ngazi za nyuma. Alinusa mikono yake njia nzima. Alikuwa ameisugua kwa limau, kwa sabuni, kwa dawa ya mashuka, na bado harufu ilikuwa pale, chini ya kucha.

Zamu yake ilipoanza asubuhi iliyofuata, mifuko ilikuja kama siku zote. Wa upasuaji, wa watoto, wa wazazi, na wa mwisho wa kijani. Mwenzake akaitoa fimbo ukutani kabla hajaombwa, akamrushia, akasema wale waheshimiwa wameleta salamu. Pua hakuidaka. Ilianguka sakafuni ikabingirika mpaka chini ya mashine.

Aliingiza mikono yote miwili kwenye mfuko, mpaka kwenye viwiko. Mwenzake akaguna. Pua alitoa shuka moja moja, akaliweka puani bila haya, akalitupa mashineni, akatoa lingine. Kwenye moja akasimama. Lilikuwa limekunjamana sana mahali pa kichwa, na chini ya sabuni ya hospitali na dawa kulikuwa na harufu hafifu ya makombo, ikitoka kwenye ngozi ya mtu pamoja na jasho lake. Jasho la usingizi halinuki kama jasho la hofu. Yeye, kwa miaka aliyofua, alizijua tofauti zote.

"Amelala," akasema.

Mwenzake akauliza nani huyo, akicheka kidogo, huku ameinama kuitafuta fimbo chini ya mashine.

"Ni shuka la mdogo wangu."

Kicheko kikakatika. Mwenzake alibaki ameshika fimbo, hajui aiweke wapi, airudishe ukutani au aifiche nyuma ya mgongo. Kwenye kulabu yake palikuwa na nyuzi za mashuka ya zamani, za watu wengi, zimejisokota na kushika uchafu mweusi. Miaka yote walifua kila kitu katika chumba kile, na hakuna aliyewahi kuifua. Pua akaitazama, na koo likaanza kumcheza kama lilivyocheza bandani.